Mkono Uliozoea Kutilia

Siku aliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kula na mjukuu wake katika wadi ya vijana, Bibi Nhan alivaa blauzi yake ya zambarau, ile ya kuendea arusi, akafunga nywele kisogoni, akafika hospitali mapema mno hata mlinzi wa getini akamtania.

"Bibi, umependeza! Leo unaolewa na nani?"

"Sina muda wa kuolewa. Naenda kula wali na mjukuu wangu."

Mlinzi akaacha kucheka. Alijua walioko wadi ile ya ghorofa ya tatu ni akina nani. Akatoka kibandani mwake, akamshika kiwiko, akamvusha pale mbele ya ngazi panapoteleza. Ilikuwa miezi ile ya unyevu, Hanoi nzima ikitoa jasho, sakafu zinalowa bila mvua na nguo hazikauki wiki nzima. Bibi Nhan alimshukuru, naye akasema si kitu. Lakini kwa Bibi Nhan kilikuwa kitu.

Watu wa mtaani kwao walisema wadi ile ni ya watoto waliogombana na chakula. Daktari Thuan alimweleza vizuri zaidi. Alisema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote, unamkamata mtoto kichwani kisha unamla mwili, na usipotibiwa unaua. Diep alikuwa na miaka kumi na mitano. Alipoletwa, moyo wake ulipiga polepole kama wa mzee, vidole vyake vilikuwa baridi, na vinyweleo laini vilikuwa vimemuota mgongoni, kwa sababu mwili ulikuwa unatafuta blanketi. Wiki za mwanzo walimlisha kidogo kidogo kwa vipimo vya wataalamu, maana mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla unaweza kushindwa. Bibi Nhan aliuliza kosa lilikuwa la nani. Daktari Thuan akamwambia, "Hapa hatutafuti mwenye kosa, Bibi. Tunatafuta mtu wa kukaa naye mezani."

Mtu huyo hakuwa mwingine ila yeye. Baba yake Diep aliendesha lori la mizigo hadi mpakani Lang Son, leo yupo kesho hayupo. Mama yake alikuwa Taiwan, akimwogesha na kumlisha kikongwe wa watu, na mkataba wake ungekwisha majira ya majani kupukutika. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Bibi Nhan na Diep, na tangu Diep alazwe ilikuwa ya Bibi Nhan na saa ya ukutani.

Alimkosa mtoto yule kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Hakumkosa tangu alipolazwa tu. Alianza kumkosa mwaka mzima kabla, walipokuwa bado wanalala chumba kimoja. Alimkosa yule Diep wa zamani aliyerudi shule akitupa begi mlangoni, akienda moja kwa moja kwenye sufuria kukwangua ukoko, akiimba mdomo umejaa. Yule aliondoka bila kuaga. Akabaki msichana aliyekata tofaa vipande vyembamba kama karatasi na kusema ameshiba.

Nesi Khuyen alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya taratibu, na kila mara kabla ya kugusa mkono wa mgonjwa alipasha viganja vyake kwa kuvisugua. Bibi Nhan alikuwa amekwisha kuliona hilo siku nyingi, na kwa sababu hiyo alimwamini.

"Bibi, tukumbushane," alisema Nesi Khuyen. "Chakula kimepimwa na mtaalamu wa lishe. Diep atakula chote kilichopo mbele yake. Usimbembeleze, usimsifu, usimtishe. Msizungumze habari za chakula wala za mwili, wake au wa mtu mwingine. Na jambo kubwa kuliko yote, usiongeze na usipunguze."

"Siongezi, sipunguzi."

"Tumemwahidi kwamba kilichopo bakulini ndicho hicho hicho. Anaogopa sana, lakini hofu yake ina mwisho kwa sababu anaona mwisho wa bakuli. Akiona bakuli linajijaza, hana tena pa kushika."

"Nimeelewa, mwanangu."

Na kweli alielewa. Alikaa. Diep akaja akiwa na sweta kubwa la wadi, akasema "Bibi" kwa sauti ndogo, akaketi. Kulikuwa na wali, samaki aliyepikwa kwa sukari iliyounguzwa na pilipili manga, mboga za majani na supu ya malimau. Kwenye meza za jirani walikaa vijana wengine na wazazi wao, wote wakitazama mabakuli kama watu wanaofanya mtihani.

Walianza vizuri. Bibi Nhan alisimulia habari za paka wa jirani aliyezaa ndani ya kapu la nguo safi. Diep alitafuna polepole, machozi yakimtoka bila kelele, lakini alitafuna. Wali ukashuka hadi nusu, ukapita nusu. Na Bibi Nhan alipoona sehemu ya ndani ya bakuli, ile nyeupe ambayo hakuwa ameiona mwaka mzima, furaha ikamjia yote kwa pamoja. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Vijiti vyake vya kulia vikachukua kipande cha tumbo la samaki kutoka sahani yake yeye, vikakiweka juu ya wali wa Diep.

Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba anampenda. Walitiliana chakula bakulini. Mama yake Bibi Nhan alimtilia yeye, miaka ya dhiki, kipande pekee kilichokuwa na mafuta. Yeye alimtilia mumewe, akamtilia mwanawe, akamtilia mkwewe siku ya kwanza alipoingia nyumbani akitetemeka. Ndivyo mtu alivyojua kwamba anapendwa, akiangalia bakuli lake na kukuta limepata kitu.

Diep aliweka vijiti chini.

"Kula, mjukuu wangu," alisema Bibi Nhan, bado anatabasamu. "Hicho ndicho kinono."

Neno lilipotoka ndipo akajua amefanya nini. Alikitazama kipande kile na akatamani akimeze pamoja na vijiti.

"Mlisema ndicho hicho!" Diep alipiga kelele. Alikuwa amesimama, uso mweupe. "Mlisema ndicho hicho! Wote mlisema! Hata wewe, Bibi! Hata wewe!"

Nesi Khuyen alikuja upesi bila kukimbia. Akamwongoza Bibi Nhan hadi kwenye korido, akafunga mlango. Mlo ule haukumalizika. Ilibidi Diep anywe kikombe cha maziwa ya dawa badala yake, na alikinywa mchana kutwa, nesi akiwa ubavuni pake.

Bibi Nhan alikaa koridoni na blauzi yake ya arusi. Baba wa mgonjwa mwingine, mtu mnene mwenye viatu vya fundi umeme, alimletea chai ya moto kwenye kikombe cha plastiki.

"Mimi nilimpigia mwanangu makofi alipomaliza," alisema. "Hakula tena siku mbili. Kunywa, mama, itapoa."

 Alikaa naye tu mpaka chai ikaisha.

Jioni ile Daktari Thuan alimwita. Alikuwa kijana, na alizungumza na Bibi Nhan kwa heshima, lakini hakumficha kitu. Mwili wa Diep ulikuwa umepata nguvu ya kutosha kuruhusiwa kutoka hospitali. Kilichobaki ni kazi ndefu ya nyumbani, milo yote ya siku, kwa miezi. Ikiwa nyumbani yupo mtu wa kuisimamia, atakwenda nyumbani. Ikiwa hayupo, atahamia nyumba ya mpito iliyo nje ya mji, akae huko na wauguzi mpaka mama yake arudi.

"Mpaka majani yapukutike," alisema Bibi Nhan.

"Ndiyo, Bibi. Jumamosi tutajaribu mara moja zaidi."

Bibi Nhan aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja. "Kwa hiyo ni huu unaomzuia mtoto asirudi."

"Mkono huo umelea watu," alisema daktari. "Sasa tunauomba kazi nyingine. Ukae."

Nyumbani, mama yake Diep alipiga simu kutoka Taiwan. Nyuma yake ilisikika sauti ya kikongwe akikohoa. "Mama, Diep amekula?" lilikuwa swali lake la kwanza, kama siku zote. Bibi Nhan alimweleza yaliyotokea, bila kujitetea. 

"Mimi hapa namlisha mama wa watu kwa kijiko," mkwe wake alisema, "na kila akifungua mdomo namwona Diep. Mama, nikivunja mkataba—"

"Usivunje kitu. Nipe hadi Jumamosi."

Asubuhi yake alibisha kwa Bibi Tuoc, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye paka aliyezaa kapuni. Walijuana tangu wote wawili wakiwa mabibi arusi wanaoogopa mama wakwe zao.

"Nataka uje kula kwangu," alisema Bibi Nhan. "Lakini usile."

Bibi Tuoc alimkagua kuanzia nywele hadi kandambili. "We Nhan, umeanza kuchanganyikiwa mapema hivi? Mimi ndiye mkubwa, ningepaswa kutangulia."

Alipoelezwa, alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya. Nitakuwa mgonjwa. Lakini mimi mgonjwa mkorofi, nakuonya."

Na mkorofi alikuwa kweli. Alikaa mbele ya bakuli la wali, akakunja mikono.

"Sili. Chakula chako kina chumvi kama maji ya bahari ya Hai Phong."

"Najua ni vigumu," alisema Bibi Nhan, kama alivyofundishwa. "Nipo nawe. Tule."

"Umeniona mimi mtoto? Nimeshiba tangu niolewe. Ona hii mboga, imelala kama mume wangu marehemu."

Bibi Nhan alicheka hadi akapaliwa, na alipokuwa anacheka mkono wake ukaondoka, ukachukua kipande cha tofu na kuelekea bakuli la mwenzake. Bibi Tuoc akaupiga kwa kijiti. Paa!

"Rudisha!"

"Sikukusudia."

"Ndiyo maana nimekupiga. Ungekusudia ningekuuma."

Walirudia mchana, wakarudia jioni, na kesho yake pia. Kila mlo mkono ulitoka, na kila mlo ulichapwa. Bibi Nhan alishangaa jinsi usivyomsikiliza. Alikuwa akiutazama kama mtu anayemtazama mbuzi wake akielekea shamba la jirani. Ijumaa Bibi Tuoc alikuja na sahani ya machungwa yaliyomenywa, akasema amechoka kuugua, wacha ale. Wakala pamoja, na mlo wote mkono wa Bibi Nhan ulikaa. Alipokwisha kuosha vyombo aliketi chini. Kumnyima mtu aliyemjua miaka yote hiyo kipande kizuri kulimuuma kama kumpita barabarani bila kumsalimu.

"Si kumnyima," Bibi Tuoc alisema, kana kwamba alisikia. "Ni kumsubiri." Kisha akaona aibu kwa kusema jambo zito, akaondoka akimlaumu paka.

Jumamosi Bibi Nhan hakuvaa blauzi ya zambarau. Alivaa sweta lake la kila siku lenye kiraka kiwikoni. Chakula kilikuwa kimekwisha kuwekwa, na samaki alikuwapo tena, yule yule. Nesi Khuyen alikaa meza ya pili, akijifanya anakunja vitambaa.

Diep aliketi. Hakuinua macho. Alikuwa na haya kwa makelele ya siku ile, na Bibi Nhan aliona kwamba kucha zake, zilizokuwa za bluu, zilikuwa zimeanza kupata rangi. Hakulisema hilo. Alilimeza.

Wakakaa hivyo. Wali ulitoa mvuke, kisha mvuke ukapungua.

Katika nyumba za watu wao, mdogo humkaribisha mkubwa kabla ya mtu yeyote kugusa chakula. Bibi karibu ule, baba karibu ule, mama karibu ule, mmoja mmoja, na ndipo mkubwa hushika vijiti. Diep alipokuwa mdogo alikuwa akikaribisha mbio mbio kwa pumzi moja, ili awahi kula, hata wote wakamcheka. Tangu augue alikuwa ameacha. Na Bibi Nhan, tangu utoto wake hadi uzee, hakuwahi kutangulia kula mezani bila mtu kukaribisha mtu. Kwa hiyo alingoja. Mikono ilikuwa juu ya meza, vijiti vimelala. Nesi Khuyen akaacha kukunja.

Midomo ya Diep ilitikisika, haikutoa kitu. Ndipo Bibi Nhan alipoelewa kwamba mtoto hakatai. Mtoto hawezi. Kumkaribisha bibi yake kwenye chakula kile kulikuwa sawa na kufungua mlango kwa kitu kilichokuwa kinamwinda, na bado alikuwa anajaribu, na maneno yalikuwa mazito kuliko yeye.

Bibi Nhan akaliinua bakuli lake kwa mikono miwili, kama anavyofanya mdogo.

"Diep, karibu ule," alisema. "Bibi anakukaribisha."

Diep aliinua kichwa kama aliyechomwa sindano. "Bibi! Hukaribishi wewe! Watu watasikia!"

"Wasikie."

"Lakini mimi ni mtoto!"

"Naona. Karibu."

Mvulana wa meza ya jirani alicheka puani, na mama yake akamfinya, kisha naye akacheka. Diep aliona haya, akafunika uso, na nyuma ya viganja vyake Bibi Nhan alisikia kitu ambacho hakikuwa kicheko kamili lakini kilikuwa kinaelekea huko. Kisha msichana akashika vijiti.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Katikati ya bakuli Diep alisimama. Alisukuma wali pembeni, akakaza taya.

"Inatosha."

"Najua ni vigumu. Nipo nawe. Tule."

"Unasema kama kasuku. Wamekufundisha."

"Ndiyo, wamenifundisha."

"Wewe unataka niwe bonge tu. Ukiniona bonge ndipo utafurahi, uwaonyeshe majirani."

Haikuwa sauti ya Diep. Daktari alikuwa amemwambia itakuja siku sauti hiyo, na asibishane nayo, maana ni ugonjwa unaozungumza. Hata hivyo iliingia ndani ikachoma. Mkono wake wa kulia uliwasha. Ulitaka kufanya kitu, ulitaka kutuliza, na kutuliza haukujua njia nyingine. Kipande cha tumbo la samaki kilikuwa pale pale kwenye sahani yake, kinang'aa. Vijiti vikakichukua. Bibi Nhan aliona Nesi Khuyen akikaza mgongo. Aliona macho ya Diep yakifuata kipande hicho angani, yamejaa hofu.

Akakitia kinywani mwake mwenyewe.

Akatafuna. Kilikuwa laini, kitamu, chenye mafuta, na pilipili manga ilimwasha ulimi. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokula sehemu hiyo ya samaki, hakukumbuka. Labda alipokuwa mtoto, alipotiliwa na mama yake. Tangu hapo alikuwa amekula vichwa na mikia, na kusema anapenda vichwa na mikia.

"Mbona unanitazama?" alimuuliza Diep.

"Wewe hulagi tumbo."

Bibi Nhan alikuwa ameambiwa wasizungumze chakula, kwa hiyo alipandisha mabega tu, akaendelea kutafuna. Kisha akasimulia kwamba watoto wa paka wamefumbua macho, na mmoja amelala ndani ya kofia ya pikipiki ya mtoto wa Bibi Tuoc, naye mwenye kofia akaivaa bila kuangalia. Diep hakucheka. Lakini vijiti vyake vilirudi kwenye wali. Alikula punje kwa punje, akasimama, akaendelea, akalia, akaendelea. Supu ilikuwa imepoa kabisa alipoinywa. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuondoka chumbani, na mpishi wa wadi, aliyetaka kufuta meza, alikaa mlangoni na kitambaa chake mkononi akingoja, asiingie.

Bakuli likawa tupu. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Nhan alisema, "Haya, tukakae," wakaenda kukaa pale wanapokaa wote baada ya mlo, na Diep akaegemeza kichwa ukutani, si begani kwa bibi yake. Bibi Nhan aliutazama ule ukuta kwa wivu.

Jumatatu baba yake Diep aliwaleta nyumbani kwa lori. Bibi Tuoc alikuwa amewapitia majirani wote wa kichochoro kuwaonya kwamba atakayemwambia yule mtoto amekonda au amenawiri atakutana naye yeye. Kwa hiyo kichochoro kizima kilimsalimu Diep kwa habari za unyevu. Unyevu gani huu! Nguo hazikauki! Diep alijibu ndiyo, hazikauki.

Kisha kazi ikaanza. Asubuhi, saa nne, mchana, alasiri, jioni, kabla ya kulala. Bibi Nhan alipima, akapakua, akakaa. Siku nyingine ilikwenda vizuri. Siku nyingine bakuli lilivunjika sakafuni, naye akaokota vipande, akapakua jingine sawa na la kwanza, akakaa tena. Alikuwa amedhani mtoto akirudi nyumbani kiu yake ya kumwona itakwisha. Haikwisha. Alimtazama ng'ambo ya meza, mashavu yakianza kupata damu, macho yakiwa bado mbali, na akamkosa vile vile, huku yuko mbele yake, mkono ungeweza kumfikia.

Alasiri moja alikuwa jikoni anachambua mboga. Juu, Diep alikuwa na vitabu vyake. Kitunguu saumu kilikuwa kimeanza kunukia kwenye mafuta.

"Bibi!" sauti ilishuka ngazini. "Tunakula saa ngapi?"

Haikuwa sauti ya mwenye njaa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza zamu yake kwa daktari wa meno. Lakini mwaka mzima na zaidi hakuwa ameuliza.

"Saa kumi na mbili na nusu," alijibu Bibi Nhan.

Mafuta yakachemka.

"Utakaa?"

"Nitakaa."

Akasikia kiti kikisogezwa juu, kisha nyayo ngazini, taratibu, zikisimama na kuendelea. Diep aliingia jikoni kabla ya wakati, akavuta kigoda, akakaa akilipa jiko mgongo, kitabu magotini.  Bibi Nhan hakugeuka, asije akamtisha. Alipunguza moto, akachukua fungu jingine la mboga, akaendelea kuchambua, jani kwa jani, taratibu kuliko ilivyohitajika.